Hamira na Mistari ya Ukumbi wa Bati

Shemeji yangu ni mwoka mikate, na mtaa mzima unamwita Hamira. Jina hilo hakulipata kiwandani, alilipata ukumbini. Enzi za ujana wake, akiruka kuufuata mpira wa kikapu, jukwaa lilipiga kelele kwamba huyo anaumuka, huyo ameumuka, na kwa kuwa kila mtu alijua anakofanya kazi, na nywele zake hazikukosa unga hata akitoka kuoga, jina likamnasa. Dada yangu aliyeolewa naye humwita hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake huwa nalisikia hospitali tu, muuguzi anapoita, na yeye mwenyewe huchelewa kuitika.

Alipokuja nyumbani kuposa, mama alimuuliza dada huyo kijana anafanya kazi gani. Dada akasema anaoka mikate na anacheza mpira. Mama akajibu, "Mikate nimeisikia." Lakini miaka mingi baadaye mama huyo huyo alikuwa anaketi safu ya mbele ukumbini, anawatukana waamuzi kwa lugha ambayo sisi watoto wake tulikatazwa kuitumia.

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu linatazamana na lango la ukumbi. Kwa hiyo ninayoyasimulia sikuyapata kwa kusikia. Ukumbi wenyewe ni wa jiji, na kwenye kibao liliandikwa jina refu la heshima, lakini sisi tuliuita Ukumbi wa Bati. Paa lilikuwa la bati lililoiva kutu. Mvua ikianza, hakuna aliyesikia filimbi ya mwamuzi, na kwenye kona moja ilikaa ndoo ambayo wachezaji walijifunza kuikwepa kama mpinzani mwingine. Kulikuwa na choo kimoja ambacho mlango wake ulifungika na kingine ambacho rafiki yako alikushikia mlango.

Sakafu ilikuwa ya mbao, na ilikuwa ya watu wote. Mistari myekundu ni ya mpira wa kikapu, myeupe ya mpira wa wavu, ya kijani ya mpira wa vinyoya, ya njano ya mpira wa pete, ya bluu ya mpira wa mikono. Mgeni akiingia alidhani mtoto mtundu ameachiwa rangi. Sisi tuliokulia mle hatukuona fujo yoyote, maana kila mtu aliona rangi yake tu. Mama Pete, nahodha wa akina mama wa mpira wa pete, anaweza kukuapia kwamba sakafu ile ilikuwa na mistari ya njano na hakuna mingine.

Upande wa kulia, hatua moja nje ya upinde mwekundu wa pointi tatu, mstari wa kijani ulikatana na wa njano. Hapo paliitwa Njia Panda, na palikuwa pa Hamira. Akipata mpira akiwa karibu na pale, jukwaa lilianza kuita, "Njia panda! Njia panda!" Yeye angerudi nyuma taratibu, aangalie miguu yake kwanza, kisha arushe. Wageni hawakumwelewa mtu anayetazama viatu vyake katikati ya mechi. Wakati bado wanashangaa, mpira ulikuwa umeshapita kwenye wavu.

Hakuna aliyemlipa hata senti kwa hayo. Timu ilikuwa ya jiji kwa jina, lakini jezi nilizishona mimi. Alfajiri alikuwa mbele ya tanuri, mikono yake imejaa alama za kuungua kwa trei, na mchana alibeba magunia ya unga akipanda ngazi za ghala mbili mbili. Jioni alikuja ukumbini akinukia mkate wa moto, na mabeki walilalamika kwamba kumkaba kunawatia njaa.

Halafu zikaja habari za ukarabati. Ligi ya kulipwa ilikuwa inatafuta miji yenye ukumbi unaofaa, na meya akatangaza kwamba jiji litautengeneza wetu kwa fedha za umma: paa jipya, viti vya kukunja, vyumba vya wachezaji, taa, sakafu. Tuliitwa humo humo ukumbini tutoe maoni. Watu walikuja wamefura. Kuna aliyeuliza kuhusu mabomba, kuna aliyeuliza kuhusu zahanati. Mimi nilisimama nikauliza kuhusu mtaro ulio mbele ya duka langu, unaofurika kila mvua na kuniletea taka za mtaa mzima mlangoni. Nilisema kodi yangu haikukusudiwa kuwanunulia watu warefu mahali pa kurukaruka. Nilipigiwa makofi, na sikatai, nilijisikia vizuri.

Ndipo Hamira akasimama. Si msemaji. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili kana kwamba kinataka kukimbia.

"Shemeji yangu amesema kweli kuhusu mtaro," alisema. "Lakini nawauliza, ni mahali gani pengine sisi sote tunakaa chini ya paa moja? Tunaoana mumu humu, watoto wetu wamefanyia mitihani mumu humu, tumechanjwa mumu humu. Likianguka hili bati, tutaonana wapi? Na niseme la moyoni. Nataka nicheze ligi ya kulipwa hapa, mbele yenu, kabla magoti hayajanikatalia."

Basi. Ile ya magoti ndiyo iliyowamaliza. Watu walicheka, wakamshangilia, na hata wale wa mabomba wakanyamaza. Nilimnunia wiki nzima. Alipokuja dukani na mkate wa kuniomba radhi niliula kwa hasira mpaka ukaisha.

Ujenzi ulichukua muda kuliko walivyoahidi, kama kawaida. Vumbi liliingia hadi kwenye cherehani. Mbao za zamani zilitupwa nje ya uzio, na jiji likaruhusu anayetaka ajichukulie. Watu walijichukulia: wengine walitengeneza vitanda, wengine rafu. Hamira alikuwa akikimbia kila alasiri kuzunguka uzio ule. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na kitu, na kile kitu alikificha vizuri. Nilimwona akisimama mara kwa mara kufunga kamba za viatu. Nilidhani kanunua kamba mbovu.

Siku ya majaribio ya wachezaji wa timu mpya ya kulipwa waliruhusu watu kuingia kutazama. Dada na mimi tulikaa kwenye viti vipya vilivyokuwa bado na nailoni. Kusema kweli, ukumbi ulikuwa mzuri. Nilitaka kuuchukia nikashindwa. Paa lilikuwa kimya, vyoo vilikuwa na milango, na sakafu iling'aa hadi taa zilionekana mara mbili, juu na chini. Ilikuwa na mistari ya mchezo mmoja. Basi.

Hamira alipata mpira, akarudi nyuma upande wake wa kulia, akatazama miguu. Hapakuwa na kijani wala njano. Nilimwona akisita. Akarusha, akakosa. Akarudia, akakosa. Jukwaani hakuna aliyeita njia panda, maana hatukujua iko wapi. Mwishoni kocha, mtu mstaarabu kutoka mbali, alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kusema naye kwa upole. Upole wa namna ile hauhitaji kusikia maneno yake.

Alipotufikia juu alikuwa anatabasamu vibaya.

"Wamenifutia njia panda yangu," alisema.

Dada alimpa taulo.

Mimi ndiye niliyejibu, na niliwajibu watu wote. Mtu akiingia dukani kupimwa gauni, anatoka na kipimo chake na habari za Hamira. Kwamba mtu aliyeupigania ukumbi ule ndiye wa kwanza kufungiwa nje. Kwamba kijana wetu amechezea pale tangu utoto, halafu wamekuja na sakafu yao ya kioo wakafuta mahali pake. Watu walichemka. Hakuna aliyefikiria kwamba ule upinde, ambao yeye alisimama hatua moja nje yake, bado ulikuwepo, umechorwa upya, tena kwa rangi nzuri zaidi. Mimi pia sikufikiria. Mtu akishashika hasira tamu, haendi kuichunguza.

Yupo mtu mmoja ambaye hakuchemka. Mama Pete alikuja kupunguziwa sketi ya mchezo, akasimama juu ya kiti huku nikipita chini na pini mdomoni.

"Sisi tulikwenda ofisi za jiji zamani," alisema. "Tumeambiwa sakafu sasa ni ya mchezo mmoja, twende tukachezee uwanja wa saruji kule shuleni. Wewe mwenyewe nilipokuambia ulinijibu nini?"

Nilitoa pini mdomoni. "Nilisema mtazoea."

"Ulisema tutazoea. Tumelia wiki na wiki, hakuna aliyetupa hata leso. Akilia Hamira, mtaa mzima una machozi." Akashuka kwenye kiti. "Lakini nitakuja mkutanoni. Mimi si mtu wa kususa."

Maana mkutano ulikuwa umepangwa. Meya alikubali kutusikiliza ndani ya ukumbi kabla ya ufunguzi rasmi. Na fundi seremala, mpenzi mkubwa wa Hamira, akapata wazo ambalo sote tuliliona la kipekee. Alizunguka nyumba hadi nyumba akitafuta zile mbao zenye Njia Panda yenyewe. Alikagua vitanda vya watu, akainua magodoro, akafukuzwa mara kadhaa. Mwishowe alizikuta kwa Mama Pete huyo huyo. Zilikuwa zimegongomelewa kuwa ubao mmoja, mlango wa banda la kuku. Kijani na njano vilikatana katikati, chini ya kinyesi.

Mpango ulikuwa hivi: siku ya mkutano ubao ule uwekwe mahali pake, Hamira asimame juu yake mbele ya meya na arushe. Mpira ukiingia, ubishi umekwisha. Jiji litaona kwamba kosa ni la mistari, si la mtu.

Jumapili ya kabla ya mkutano, asubuhi, Hamira alinigongea mlango.

"Shemeji, chukua utepe wako wa kupimia. Twende shuleni."

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Ubao alikwisha kuubeba, ameuosha hadi rangi zinawaka. Tulipima pamoja kutoka kwenye upinde, tukaulaza, nikasogea pembeni nikajiandaa kupiga makofi. Alitazama miguu yake. Safari hii mistari yote miwili ilikuwepo, kijani na njano. Akarusha.

Mpira ulikwenda sawasawa, haukupinda huku wala huku. Ila haukufika. Ulianguka mbele ya chuma cha kikapu kama uliokata tamaa njiani. Akarusha tena. Uligusa chuma kwa mbele na kurudi. Alirusha mpaka fulana ikamganda mgongoni, na kila mpira ulinyooka na kila mpira ulipungukiwa. Mimi si mchezaji, lakini nimekata nguo maisha yangu yote, na kitambaa kikipungua nakijua. Kwenye majaribio pia ilikuwa hivyo hivyo, sasa nilikumbuka vizuri. Haukupotea hata mmoja kwa upande.

Alikaa juu ya mpira, akalishika goti lake la kushoto.

"Si mistari," alisema.

Niliinama nikaanza kuukunja utepe wangu. Nilihuzunika, halafu nikakasirika kwa sababu ya huzuni ile.

"Basi tufunge bendeji," nikasema. "Siku ya mkutano useme umeteguka. Hutarusha. Seremala ataonyesha ubao, watu watapiga kelele, na mambo yataishia hapo. Nani atajua?"

"Wewe umejua."

"Mimi ni kaburi."

Hapo alicheka kweli, akacheka hadi akakohoa. "Wewe, shemeji? Wewe ni redio." Kisha akainuka. "Usimwambie dada yako. Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Najua, kwa sababu siku zile nilikuwa nakwenda kwao kila jioni kuangalia kama ameshamwambia. Dada alikuwa anakunja nguo, anaulizia habari za dukani, hana hili wala lile. Na mimi sikufungua mdomo. Nastahili nishani.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Tulivuliwa viatu ili tusiikwaruze sakafu, tukashuka na soksi zetu zilizotoboka mbele ya mheshimiwa meya, ambaye naye alikuwa na soksi. Seremala aliingia na ubao kichwani, watu wakampokea kwa vifijo kana kwamba ameleta bibi harusi. Akaulaza mahali pake. Mama Pete na wenzake walikaa safu ya nyuma.

Hamira akaitwa. Nilimtazama kifundo cha mguu. Hakikuwa na bendeji.

Alipanda juu ya ubao. Jukwaa likaanza, kwanza upande mmoja, halafu ukumbi mzima, "Njia panda! Njia panda!" Sikuwahi kuisikia vizuri vile, bila kelele za bati. Alitazama miguu yake muda mrefu kuliko siku zote. Akarusha. Mpira ukanyooka, ukapungukiwa, ukadunda sakafuni.

"Rudia!" watu wakaita. "Bahati mbaya! Rudia!"

Akarudia. Ukapungukiwa.

Wengine walikuwa bado wanaita arudie alipouweka mpira chini, polepole, usije ukabingirika. Akashuka kwenye ubao.

"Ningeendelea mpaka kesho ungekuwa hivyo hivyo," alisema. "Jumapili nilijaribu shuleni. Nilisimama kwenye ubao huu huu. Jamani, mistari haijanifanya chochote. Nilikosa nafasi kwa sababu miguu yangu haina nguvu tena. Niliwaambia nataka kucheza kabla magoti hayajanikatalia. Yamenikatalia. Nimewaacha mgombane na jiji kwa ajili yangu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema hivi. Naomba mnisamehe."

Seremala alikuwa amesimama na mikono mitupu, kama mtu aliyeleta zawadi nyumba isiyo yake. Mahali fulani mtu alicheka, akazomewa.

Meya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta pumzi. Uso wake ulikunjuka wote. "Tunakushukuru kwa uungwana wako," alisema, akiinuka. "Ni mfano kwetu sote. Basi, ndugu zangu, nadhani suala hili limekwisha."

"Halijaisha, mheshimiwa," Hamira alisema. "Langu ndilo limekwisha. La hawa akina mama bado, na lao lilitangulia. Mimi nilikaa juu yake bila kutazama."

Akanyoosha mkono kuelekea safu ya nyuma. Mama Pete alishuka ngazi bila haraka, amevaa ile sketi niliyompunguzia, akasimama katikati ya sakafu.

"Mheshimiwa, sakafu hii imelipwa na nani?"

"Na wananchi."

"Vizuri. Hamira mistari ilimsaidia tu. Sisi mistari ndiyo mchezo wenyewe. Kila mmoja wetu ana mahali pake pa kufika na mahali asipovuka. Ukiifuta, hakuna mchezo, kuna akina mama wanakimbizana. Nataka unionyeshe, kwenye sakafu tuliyolipia, sisi tunasimama wapi."

Meya alitazama chini, upande huu na upande ule, na sisi sote tukatazama naye. Ilikuwa sakafu nzuri sana. Hakupata pa kuonyesha.

Haikwisha siku ile. Ilikuwa nenda rudi, timu ya kulipwa ikisema sakafu itachafuka, jiji likisema litaangalia. Lakini safari hii hatukumwachia Mama Pete peke yake. Mimi nilikuwa nafunga duka kwenda naye, na niliongea maofisini mpaka wakawa wananiona mlangoni wanainuka wenyewe. Mwishowe mistari ya njano ilirudi, myembamba, imepauka ili isionekane kwenye televisheni, na jioni mbili za wiki zikawa za akina mama. Ya kijani haikurudi. Ubao nao ulirudishwa kwa Mama Pete, kwa sababu kuku wake walikuwa wanalala mlango wazi. Mtaro wangu bado unafurika.

Jioni ya kwanza ya mpira wa pete tulikwenda sote. Hamira alikaa juu kabisa, kati yangu na dada, na mkate kwenye mfuko. Alishangilia hadi sauti ikakauka. Mara moja mpira ulipotoka nje upande wa kulia, nilimwona akitazama pale, ambapo mstari wa njano sasa unapita peke yake. Kisha akaumega mkate akatugawia.

Mechi ilipokwisha watu walianza kushuka. Yeye alibaki nyuma akiwapigia makofi wachezaji, nami nikamshika dada mkono.

"Siku ile kwenye mkutano, mumeo alipokiri," nilimwambia, "nilikutazama. Hukushtuka hata kidogo."

"Nilijua tangu alipoacha kupanda ngazi mbili mbili."

"Tangu kabla ya majaribio? Na ukanyamaza?"

"Ilikuwa habari yake. Nilikuwa nangoja aniambie."

"Na kama asingesema?"

Akatangulia kushuka ngazi. Hamira alikuwa ameanza kushuka, ameshika chuma cha pembeni, anaweka mguu mmoja, halafu anauletea mwenzake kwenye ngazi hiyo hiyo. Dada alikuwa ameshafika chini. Akasimama kumngoja, akatazama kwingine, na hakumwambia afanye haraka.